Sheria ya kumlinda dila imegeuka ya kumbana mnunuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi sheria za majimbo mengi ya Marekani zinazokataza kampuni ya magari kumuuzia mteja moja kwa moja, lazima apitie kwa dila, yani wakala binafsi anayeuza magari ya kampuni hiyo. Zilianza na sababu nzuri tu. Soko lilipodorora mwaka 1920 na 1921 Henry Ford aliwasukumia madila wake magari ambayo hawakuyaagiza, walipe keshi au wapoteze uwakala, madila hao wakakimbilia benki kukopa. Na dila ndo kaweka hela yake kwenye jengo, mafundi na spea, leo kiwanda kifungue duka lake jirani kimuulie bei si atakufa njaa? Kumlinda huyo ni haki kabisa.

Lakini Tesla, kampuni ya magari ya umeme, hawajawahi kuwa na dila hata mmoja, sasa hapo analindwa nani? Kule Texas kiwanda chao kiko Austin, makao makuu hapohapo, ila mkazi wa Austin hauziwi gari pale shorumu, inabidi anunue mtandaoni na mauzo yahesabike kama ya jimbo lingine. New Mexico nako ikabidi mwaka 2021 Tesla wafungue kituo kwenye ardhi ya wenyeji wa asili wa Nambé Pueblo, ndani ya jengo lililokuwa kasino, kwa vile sheria hiyo ya jimbo haifiki kwenye ardhi yao. Michigan ndo inaniuma zaidi, jimbo lilibana mauzo ya moja kwa moja mwaka 2014, Tesla wakalishtaki 2016, kesi ikaja kuisha 2020 kwa makubaliano kwamba mkazi anaweza kununua ila kadi ya gari itoke kwanza jimbo lingine ndo ihamishwe, yani makaratasi yanazungushwa tu na mwananchi hapati faida yoyote!

Madila wanasema wao ndo wanashindana bei na ndo wanaotengeneza gari likiharibika. Sawa, kama ni kweli wateja watawafuata wenyewe bila kulazimishwa. Hoja ya matengenezo naikubali, kampuni inayouza moja kwa moja ilazimishwe kuwa na gereji na spea ndani ya jimbo, kumsafirisha mtu mamia ya maili kwa ajili ya breki si haki.

Ila ruhusa isiwe ya kampuni moja, jimbo la Washington mwaka 2014 waliwaachia Tesla peke yao, Rivian na Lucid, kampuni nyingine za magari ya umeme, walivyokuja wakakuta mlango umefungwa. Mwenye madila abaki na mkataba wake na ulindwe, asiye nao aruhusiwe kuuza.