Utabiri wa masika umfikie afisa afya wa kata mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua tunaoishi kando ya Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam.

Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika, yaani mvua za Machi hadi Mei, pamoja na ushauri kwa sekta mbalimbali, ikiwemo ya afya. Hata hivyo, katika mtaa wetu sijaona utabiri huo ukibadili ratiba ya afya: dawa ya kutibu maji hugawiwa, na gari la matangazo hupita, wakati kipindupindu kimeshaingia.

Mabadiliko ya tabianchi huzungumzwa sana kwa habari za misitu na hewa ukaa, ilhali huku kwetu yanaanzia chooni. Mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo usiku, na kinyesi huchukuliwa na mafuriko hadi kwenye visima vifupi ambavyo majirani watachota asubuhi. Faini peke yake haitalimaliza tatizo hili, kwa sababu anayetapisha mara nyingi hana fedha za kulipia gari la majitaka, na hata akiwa nazo, gari lenyewe haliingii vichochoroni. Halmashauri ingepanga unyonyaji wa vyoo kwa bei nafuu mwezi Februari, kwa mashine ndogo zinazopita palipobana, gharama yake naamini ingekuwa ndogo kuliko ya kuendesha kambi ya wagonjwa mwezi Mei.

Homa ya dengi, iliyolisumbua jiji hili mwaka 2019, nayo inahitaji maelezo yake. Tumefundishwa vyema kulala kwenye chandarua kwa ajili ya malaria, lakini mbu wa dengi huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye matairi, vifuu na ndoo zilizoachwa uani. Mwenye kuliona tairi hilo ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayeingia nyumba kwa nyumba na kujua pia nani ni mjamzito na nani anatumia dawa za kila siku zisizofaa kusombwa na maji.

Kwa hiyo naziomba halmashauri zitenge fungu la kata kwa kazi hizi, na fedha hizo zitoke utabiri unapotangazwa, bila kusubiri mgonjwa wa kwanza.

Mkazi wa Kigogo,
Dar es Salaam