Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Halifax, Kanada, mliocheka

Wanangu,

Nimeiacha wiki nzima ipite ili hasira ishuke. Haikushuka, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Jumamosi ile ukumbini, baada ya pilau na kabla ya muziki wenu wa kutikisa madirisha, alipanda jukwaani binti wa Kimi'kmaq, watu wa asili wa huku, kutoka jumuiya yao ya Eskasoni. Tulimwalika sisi. Alitoka kwao alfajiri, akaendesha gari saa nne na ushei, na ndani ya gari alipakia picha alizochora mwenyewe, sanduku la shanga, na watoto wawili aliotaka tuwaone: msichana anayeshona sketi za utepe na mvulana wa fidla. Akasalimia, "Kwe'." Akajitaja jina, akataja kwao, akamtaja bibi yake, yote kwa lugha yake na bila haraka. Kisha akatamka neno moja refu, na meza ya nyuma, karibu na spika, ikaangua kicheko. Mmoja wenu akaliiga lile neno kwa sauti ya kuku.

Mimi nilikuwa meza ya pili kutoka kwenu. Nawajua kwa majina, na mama zenu nawajua, lakini hii ni barua ya wazi na majina nayaweka mfukoni.

Yule binti hakufoka. Alinyamaza, akangoja mmalize, akaendelea. Hapo ndipo paliponiuma. Alingoja kama mtu aliyekwisha zoea.

Sasa nisikilizeni kama wanafunzi, maana miaka thelathini na minne nilishika chaki Kwale na bado vumbi lake halijanitoka. Mlicheka neno refu. Ninyi! Ninyi ambao lugha yenu ina "tusingewaandalia", ambamo ndani ya neno moja yumo mtenda, wamo watendewa, umo ukanushi, na masharti juu yake. Kimi'kmaq ni hivyo hivyo, na zaidi: kitenzi chao hujitwika mzigo ambao Kiingereza huhitaji sentensi nzima kuubeba. Majina wanayagawa mafungu mawili, vyenye uhai na visivyo na uhai, na kitenzi hulifuata fungu. Hizo si ngeli? Mtoto yeyote aliyetokwa na jasho kwa ajili ya KI-VI angemwelewa binti yule kabla Mwingereza hajafungua kamusi. Mlikuwa mnamcheka jirani aliyejenga nyumba ya ramani moja na ya kwenu.

Na huu mji mnaojivunia una jina lake la asili. Ni Kjipuktuk, bandari kubwa. Sisi wa pwani tunajua raha ya kusikia mtu akiiita Mombasa Mvita. Basi wao nao wana Mvita yao, na mnalala juu yake.

Kutoka hapa hadi Shubenacadie hata saa moja ya gari haifiki. Pale palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa asili, kuanzia 1930 hadi 1967. Watoto waliondolewa kwa wazazi wao wakapelekwa huko, na aliyesema Kimi'kmaq alipigwa. Rita Joe, mshairi wa Eskasoni, alipitia shule hiyo. Alipokuwa mtu mzima aliandika shairi fupi kuhusu usemi alioporwa pale, na mpaka leo linasomwa Kanada nzima. Nora Bernard naye alipitia humo. Yeye aliishitaki serikali kwa niaba ya wenzake mpaka walionusurika wakalipwa fidia. Ule mtaa uliokuwa ukiitwa Cornwallis, kwa jina la gavana aliyetangaza zawadi kwa kila ngozi ya kichwa cha Mi'kmaw, tangu 2023 unaitwa Nora Bernard. Mnapita hapo. Mnasubiri basi hapo.

Kwa hiyo binti wa miaka ishirini na kitu akisimama mbele ya watu na kusema sentensi tatu mfululizo kwa lugha ile, fahamuni zimepita wapi sentensi hizo hadi kumfikia. Mwenyewe alitueleza kuwa alijifunza ukubwani, kwa daftari, akikaa jikoni kwa bibi yake. Hamkumsikia. Mlikuwa mnacheka.

Na mimi si msafi, msije mkadhani nahubiri nikiwa juu ya mnazi. Mwaka wangu wa pili kazini, katika shule ambayo sitaitaja, nilitunza kibao chenye uzi. Tulikiita diski. Mtoto akinaswa anasema Kidigo anavikwa shingoni, naye anawavizia wenzake mpaka mmoja ateleze ampokeze. Jioni aliyebaki nacho alichapwa. Mchapaji ni mimi, Mdigo mwana wa Mdigo. Palikuwa na msichana mmoja ambaye baada ya kuvikwa mara tatu aliacha kusema kabisa. Kidigo hakusema, Kiingereza hakukijua, hata Kiswahili akakionea haya. Muhula mzima. Kwenye ripoti yake niliandika neno moja: mtulivu.

Kicheko chenu kilinirudisha kwenye ripoti ile. Kumbe kibao si lazima kiwe cha mbao.

Basi. Nirudi kwa yule binti, maana ndiye wa kusemwa usiku ule.

Mlipewa nafasi ya kuona jambo ambalo kwetu ni adimu. Tulimpa dakika ishirini. Kumi akawapa wale watoto. Msichana akaeleza kila rangi ya utepe kwenye sketi yake, sauti ikimkwama kooni kila baada ya maneno mawili, na binti akasimama pembeni yake bila kumsemea. Mvulana akapiga fidla, akakosea, akaanza upya. Binti mwenyewe hajawa na jina kubwa, bado anauza hereni ili anunue rangi, lakini tayari anashika mtu mkono. Wasanii wetu je? Mtu akipata jukwaa hulikalia mpaka linaota uyoga, na chipukizi akitokea anaambiwa asubiri zamu yake, zamu ambayo haiji.

Nao hawakuanza jana. Ursula Johnson, kitukuu wa Caroline Gould msusi wa vikapu, aliutoa ususi ule sokoni akauingiza kwenye kumbi za sanaa, na mwaka 2017 akatwaa tuzo ya Sobey, moja ya tuzo kubwa za sanaa nchini Kanada. Mama zangu waliosuka miyaa maisha yao yote wangefurahi kulisikia hilo. Morgan Toney anapiga fidla ya Kiskoti na kuimba nyimbo za kale za Kimi'kmaq humo humo. Na Emma Stevens? Mwaka 2019, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa lugha za asili, alikuwa mwanafunzi wa sekondari hapo Eskasoni. Akaimba kwa Kimi'kmaq wimbo wa zamani wa The Beatles unaomhusu ndege mweusi. Mwalimu Katani Julian na baba yake ndio walioutafsiri, na kazi ilikuwa kuyabana maneno yale marefu yaenee katika muziki wa Kiingereza. Dunia ikasikiliza, Paul McCartney mwenyewe, aliyeutunga, akausifu. Mwezi wa Mei mwaka ule ule binti huyo alikuwa Nairobi, kwenye mkutano wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Nairobi, jamani! Sisi tulimpokea kwetu kwa makofi, ninyi mnampokea dada yake kwao wenyewe kwa sauti ya kuku.

Mengine nayasema mbio. Ni Mi'kmaq, na mtu mmoja ni Mi'kmaw; ile "Micmac" kwenye bango letu ni jina la wakoloni na aliyelichapisha alifute. "Wahindi Wekundu" sitaki kulisikia tena mezani kwangu. Mavazi yake ya ngoma si ya maigizo. Usiyaguse, na kabla ya kupiga picha omba. Shanga zinunuliwe kwa aliyezitunga, msikimbilie dukani kwa watalii. Wimbo wa mtu usiurekodi ukaurusha bila idhini. Na asitokee tena wa kumwuliza mgeni, "Kofia ya manyoya hukuja nayo?"

Nanyi wazee wenzangu mnaosoma mkitikisa kichwa, msifurahi mapema. Mwenyekiti wetu alifungua shughuli kwa kusoma simuni kwamba tupo katika ardhi ya Mi'kma'ki, nchi ya Mi'kmaq, ambayo wenyewe hawakuikabidhi kwa mtu. Alisoma kama anayesoma bei za nyanya, akakwama kwenye jina, akacheka, akaendelea. Wapiga muziki walilipwa. Yule binti alipewa pilau ndani ya karatasi ya foili na "Mungu akubariki". Mafuta ya gari alijitia mwenyewe, kwenda na kurudi. Tangu 2022 jimbo hili la Nova Scotia lina sheria inayokitambua Kimi'kmaq kuwa lugha yake ya asili, nasi hatukuweza kuitambua risiti ya petroli. Watoto walicheka kwa sauti. Sisi tulicheka kwa mfuko. Hela tumekwisha changa, niliwapigia simu mmoja mmoja, na wawili waliokata simu wanajijua.

Tena, vijana, siwachukii. Wengine mmezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wengine ya Kakuma, mmefika hapa na Kiswahili chenu mkachekwa shuleni mpaka mkajifunza kukificha ndani ya basi. Naelewa kicheko kinatoka wapi. Anayechekwa hutafuta wa kumcheka.

Shughuli ilipokwisha, nilimkuta binti anakunja kitambaa cha meza yake. Nikanunua hereni za shanga nyekundu na nyeusi. Nimezivaa hivi sasa, chini ya mtandio, hakuna anayeziona. Akaniuliza bibi yangu alisema lugha gani. Miaka sita niko nanyi hapa na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, Kidigo. Akaniomba niseme chochote. Nikasema, na sauti yangu ikatetemeka kama ya mtoto anayetazama kama mwalimu yuko karibu.

Nimemwandikia kumwomba radhi kwa niaba yetu. Amejibu kwamba tarehe 1 Oktoba, Siku ya Mkataba, ya kukumbuka mikataba ya Mi'kmaq na ufalme wa Uingereza, atakuwa mjini na wale watoto wawili, lakini tukitaka tumtembelee kwao Eskasoni kabla ya hapo, mlango uko wazi. Mimi naenda Jumamosi ijayo. Gari la mwanangu lina viti saba, kimoja ni changu. Wewe wa sauti ya kuku, cha mbele ni chako. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na njoo na koti, huko ziwani kuna upepo.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu