Yah: Malalamiko kuhusu bolti za silinda hedi zilizofungwa kavu

Sakina, Arusha

Kwa Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa mimi heshima hiyo sikuipata kwenu.

Pikapu yangu ya Chevrolet mliyoifanyia oveholi ilizima eneo la Maji ya Chai Jumamosi, ikiwa na matenga 40 ya nyanya kutoka Ngarenanyuki. Hakuna hata tenga moja lililofika soko la Kilombero. Nilipochomoa dipstiki, oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Rejeta ilikuwa tupu, na chini ya gari hapakuwa na hata tone. Meneja, wewe unajua maji hayo yalikwenda wapi.

Dhamana yenu ya miezi mitatu mnaijua kuliko mimi. Gari halijamaliza wiki tano. Nilipopiga simu nikaambiwa, "Mzee, umeichemsha mwenyewe." Geji ya joto ilipanda baada ya maji kuisha, si kabla.

Hatari ya kufunga bolti kavu, bila gundi, niliisema mapema. Siku mliyokuwa mnarudisha hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nilikuja na tyubu ya gundi ya kuzibia uzi wa bolti, niliyoagiza Nairobi. Nilimpa fundi mkuu wenu kwa mikono miwili. Akaisoma, akacheka, akaitupa kwenye pipa la oili chafu. Akaniambia, "Babu, nenda kakae kwenye benchi, tutakuita."

Injini hii ni V8 ya lita 5.7. Kila hedi ina bolti 17, jumla 34. Matundu yake kwenye bloku, yaani mwili wa injini, hayana kitako, yanatokea kwenye njia ya maji. Gasketi inaziba kati ya bloku na hedi, haizibi uzi wa bolti. Ukifunga kavu, maji yanapanda yakifuata uzi mpaka chini ya kichwa cha bolti, na kwa zile zilizo ndani ya kava ya valvu yanaingia kwenye oili moja kwa moja. Ndiyo sababu uzi unasafishwa kwa brashi, unapakwa gundi, ndipo bolti inakazwa kwa hatua hadi futi-paundi 65. Gundi hiyo pia inalainisha. Uzi mkavu unakula nguvu ya spana: toki, kipimo cha nguvu ya kukaza, inasoma 65 na hedi bado haijabanwa sawasawa.

Fundi wenu alisema kimiminika ndani ya tundu kinapasua bloku. Ni kweli, kwa injini ambazo tundu lina kitako na oili imejaa chini yake. Hii si mojawapo. Angeingiza waya kwenye tundu angejua kwa dakika moja. Fundi wa mtaa wa Unga Limited aliyeifungua Jumatatu alinionyesha bolti moja moja: kavu, zina kutu kwenye uzi, hazina hata alama ya gundi. Nimezihifadhi zote kwenye kopo.

Tena niliyoandika juu sikuyamaliza. Nilikuwa na mjukuu wangu wa miaka tisa. Fundi mkuu hakuitupa gundi kimyakimya. Aliinyanyua juu ili vijana wanaojifunza waione, akasema, "Babu ametuletea dawa ya meno," wakacheka wote, na wateja wawili wakacheka. Ndipo akaitupa. Nilikaa kwenye benchi lile saa tatu nzima, hakuna aliyeniita. Njiani mtoto akaniuliza, "Babu, kwa nini walikucheka?" Nimeendesha malori miaka 31, nimefungua injini barabarani usiku wa manane, na sikuwa na jibu la kumpa.

Nilipanga kuomba mrudie kazi kwa gharama yenu, basi. Lakini oili yenye maji imeshapita kwenye beringi za krenki, na fundi wa Unga Limited anasema zimekwaruzika. Kwa hiyo nataka mrudishe shilingi 1,850,000 mlizopokea, risiti ninayo, mlipie beringi na gasketi mpya, na kazi hiyo ifanyike Unga Limited. Kwenu gari langu halirudi. Nyanya nazo mtalipa, pamoja na gari la kuvuta kutoka Maji ya Chai.

Na fundi mkuu aniombe radhi mbele ya vijana walewale, mjukuu wangu akiwepo. Hilo halina mjadala.

Nawapa siku saba tangu barua hii igongwe muhuri hapo mapokezi. Siku ya nane napeleka nakala Tume ya Ushindani, kisha nafungua madai mahakamani, na kopo la bolti 34 nitaliweka mezani kwa hakimu.

Mteja wenu,
mwenye pikapu ya bluu