Malalamiko Kuhusu Gari la Mota la Mfano wa Jipni

Kihonda,
Morogoro.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: GARI LA MFANO WA JIPNI LISILOTEMBEA NA LISILOFANANA NA JIPNI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeona niandike barua baada ya vijana wenu kunizungusha kwenye WhatsApp hadi nikachoka. Ujumbe wa simu aliyeutuma anaweza kuufuta. Barua hii itabaki kwenye faili lenu na kwenye faili langu.

Mwezi uliopita niliagiza kwenu gari dogo la kuunganisha mwenyewe, la kipimo cha 1/32, linaloendeshwa kwa mota na betri mbili za AA. Bei ilikuwa shilingi 95,000. Nililipa kwa simu, mzigo nikaupokea Msamvu ukiwa umeletwa na basi. Tangazo lenu lilikuwa na ahadi mbili kwa herufi kubwa: kwamba gari hilo ni nakala halisi ya jipni, yaani gari la abiria la Manila, Ufilipino, kama daladala zetu, na kwamba ukishaliunganisha tu linakimbia. Halikimbii, na jipni si hivyo.

Nianze na mota. Magari ya mtindo huu Wajapani wanayatengeneza tangu mwaka 1982, na ufundi wake unajulikana. Hayana rimoti wala usukani unaogeuka. Mota moja ndogo inazungusha gia ya kati, gia ya kati inazungusha gia iliyo kwenye ekseli ya nyuma, na shafti nyembamba inapeleka nguvu mbele ili matairi yote manne yavute. Ukiliweka kwenye njia yenye kuta, vile vigurudumu vya pembeni ndivyo vinavyolielekeza kwenye kona. Kazi yote hiyo inategemea gia mbili zinazokutana pale nyuma, na gia hizo hutengenezwa kwa jozi. Jozi ya mwendo mkali ina meno yake na jozi ya nguvu ina yake, na kwa kawaida hutofautishwa kwa rangi ili mtu asizichanganye.

Kwenye boksi lenu zimechanganywa. Gia ya kati ni ya jozi moja na ya ekseli ni ya jozi nyingine. Nilipozifunga, meno yaligusana kwenye ncha tu. Ukiwasha, mota inalia kwa sauti nyembamba, gia zinasagana, tairi za nyuma zinashtuka kidogo kisha zinagoma, na kwenye chesisi unadondoka unga mweupe wa plastiki. Huo unga ni meno ya gia yanavyoisha. Nimeupiga picha kwa karibu na picha nimeiambatanisha, kwa sababu kijana wenu wa kwanza aliniambia hajawahi kusikia kitu kama hicho.

Kijana huyo aliniuliza kama nimeweka betri. Nikamwambia nimeweka. Akaniuliza kama sijazigeuza. Nikamtumia picha ya chanya na hasi. Ndipo akanishauri nitafute betri ya mraba ya volti 9, nivute nyaya mbili nizigusishe kwenye mota "ili lipate nguvu". Ndugu Meneja, betri mbili za AA ni volti 3, na karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi lenu wenyewe imeandika volti 3. Mota ndogo ya volti 3 ukiitia volti 9 itanguruma kwa furaha muda mfupi, halafu utasikia harufu. Na ikishaungua, najua jibu ambalo ningepewa: mteja ameharibu bidhaa mwenyewe. Ushauri huo nimeuhifadhi kama ulivyoandikwa.

Nilipoomba kuongea na mtu mwingine, akaja wa pili na lugha laini zaidi. "Kaka, lile kimsingi ni pambo, wateja wengi wanaliweka kabatini." Risiti yenu ya EFD imeandika gari la kuchezea la mota. Neno pambo halimo. Lakini nikasema haya, tulitazame kama pambo.

Nazijua jipni kwa kuzipanda. Mimi ni mtu wa kilimo cha mpunga, na kazi hiyo ilinipeleka mafunzoni Los Baños, mkoa wa Laguna, kusini ya Manila, iliko taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI. Usafiri wa pale ni jipni. Zile zinazozunguka chuo kikuu zina kibao cha Kaliwa au Kanan, kushoto au kulia, kulingana na upande zinakoanzia mzunguko, na mgeni asipojua atatembezwa chuo kizima kabla hajafika anakokwenda. Unapandia nyuma, umeinamisha kichwa. Ndani kuna mabenchi mawili marefu yanayotazamana, magoti kwa magoti. Konda kwa kawaida hakuna. Nauli unampa aliye karibu nawe, naye anampa wa mbele yake, hadi inamfikia dereva, ambaye anaendesha kwa mkono mmoja na kuhesabu chenji kwa mwingine. Chenji inarudi kwa njia hiyohiyo na inafika kamili. Hilo mtu aliyezoea daladala zetu linamchukua muda kuliamini. Anayetaka kushuka anasema para, au anagonga bomba la darini kwa sarafu.

Sasa chukueni gari mliloniuzia mliweke mezani. Nyuma limezibwa kabisa, na juu ya ukuta huo mmebandika stika ya dirisha. Mlango uko ubavuni, upande wa kushoto. Viti vimepangwa safu kwa safu vikitazama mbele. Usukani uko kulia. Ufilipino magari yanapita upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto, kwa hiyo abiria wa gari lenu angekuwa anashukia katikati ya barabara. Mmeniuzia daladala iliyobandikwa pua ya jipni.

Kwenye boneti kuna tundu dogo. Picha ya juu ya boksi inaonyesha farasi wa kung'aa amesimama hapo, na kweli jipni nyingi za zamani huwa na farasi kwenye boneti, mmoja au kundi zima. Ndani ya boksi farasi hamna. Nimekung'uta hadi mifuko ya skrubu.

Lakini kilichonishinda kabisa ni kibao cha njia. Ubavuni mwa jipni huandikwa inakotoka na inakokwenda, kwa rangi na madoido yote: Quiapo, Cubao, Divisoria, Baclaran. Abiria wa Manila anasoma ubavu ule kabla ya kunyoosha mkono. Stika mliyoweka nyinyi imeandikwa MANILA – BANGKOK. Manila iko kisiwani, Bangkok iko Thailand, na katikati kuna Bahari ya Kusini ya China. Madereva wa jipni ni hodari, nawavulia kofia, ila njia hiyo hawaiendi.

Mtanisamehe nikirefusha kidogo hapa, kwa kuwa kijana wenu aliniambia kwamba hayo ni mambo madogo na hakuna anayeyajua. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, jeshi la Marekani liliacha Ufilipino jeep nyingi za Willys, yale magari madogo ya kijeshi. Mafundi wa kule wakazirefusha, wakaziezeka paa, wakaweka mabenchi, wakazipamba. Mmoja wao, Leonardo Sarao, aliyekuwa akiendesha gari la farasi, alifungua karakana Las Piñas mwaka 1953, na jina la Sarao likawa kama jina la pili la jipni. Injini nyingi zilizokuja kutumika baadaye ni za dizeli za Kijapani zilizokwishatumika. Mlango wa nyuma na mabenchi yanayotazamana vimetokana na historia hiyo, na ndivyo vinavyoifanya jipni iwe jipni. Tena tangu mwaka 2017 serikali ya kule ina mpango wa kuziondoa za zamani na kuleta magari mapya yanayofanana na basi dogo, yenye mlango ubavuni. Mngesema mmetengeneza mfano wa hayo mapya ningenyamaza, ingawa hata hayo mlango wake uko kulia. Boksi lenu lina picha ya jipni ya zamani, yenye pua ndefu na farasi. Hiyo ndiyo niliyoilipia, hasa kwa kuwa zinaelekea kwisha barabarani.

Nilipomweleza hayo kijana wa pili, alijibu kwamba hilo ni gari la mbio, kwa hiyo sura yake si kitu cha kuzingatia. Nadhani mmeona kinachoendelea. Nikilalamikia mwendo naambiwa ni pambo. Nikilalamikia sura naambiwa ni gari la mbio. Naomba kampuni ikae, iamue iliniuzia kipi kati ya hivyo viwili, kisha inipe hicho kikiwa kizima.

Kuhusu ile karatasi yenu ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", inawafaa kwa mteja aliyebadili mawazo. Mimi sijabadili mawazo. Bado nataka jipni inayotembea. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu bidhaa anayomuuzia, na tangazo lenu nimelihifadhi pamoja na tarehe yake.

Ninachoomba ni hiki. Mkiwa na bodi sahihi, yenye mlango nyuma na usukani kushoto, nitumieni pamoja na farasi wake, jozi moja ya gia zinazokubaliana, na mota mpya, maana hii iliyopo imeshalia sana na siiamini tena. Mkiwa hamna bodi hiyo, na nahisi hamna, nirudishieni shilingi 95,000 na gharama ya basi, kwa namba ileile niliyolipia. Gia peke yake sizitaki, msijaribu kumaliza suala hili kwa bahasha ya gia. Na kwa vyovyote vile liondoeni neno "halisi" kwenye tangazo, kwa sababu jana usiku lilikuwa bado lipo na bei imepanda.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nakala iliyotajwa hapa chini itaambatana na malalamiko rasmi, pamoja na ule ushauri wa volti 9. Mzigo upo tayari kwenye boksi lake. Mkiuhitaji, mtumeni wakala wenu wa Msamvu auchukue na anisainie kwamba ameupokea.

Wako,

Mteja wenu wa Kihonda

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha za gia na bodi, nakala ya tangazo, mazungumzo ya WhatsApp.

Nakala: Tume ya Ushindani.