Shemeji, usiununue ule ubao mwembamba: barua ya wazi kwa anayerudi kwenye ubao wa tanga

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa dada na kwa watoto. Picha ya ubao uliyonitumia nimeiona, nikaikuza mpaka nikasoma namba zilizochapishwa karibu na mkanda wa mguu wa nyuma: lita 95, upana sentimita 58. Nakujibu hapa hadharani badala ya kwenye simu kwa sababu wapo wengi wa rika lako wanaorudi kwenye windsafingi, mchezo wa ubao wenye tanga, siku hizi, na swali lao ni hilihili lako: ninunue ubao mwembamba kama huu au la? Jibu lenyewe ni fupi: usiununue. Sababu ndizo ndefu.

Najua ulichokiona kwenye ile picha. Ubao mwembamba wenye ncha kali ndio mliokuwa mkiutamani mlipokuwa vijana kule Bamburi, wakati mnafundishia wageni wa hoteli mbao nzito zenye urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu. Wewe ulikuwa mwepesi, unaingia majini kila siku, tanga unaliinua huku unapiga soga. Sasa una kilo 90, goti limeshapita mikononi mwa daktari, na kazi ni ya kukaa mezani kutwa. Bahari ni ileile na ufundi bado unao, maana mwili hausahau upesi namna ya kusikiliza upepo. Ila ubao haubebi ufundi, unabeba kilo.

Hebu tupige hesabu. Lita moja ya ubao huelea na takribani kilo moja, na maji ya chumvi huongeza kidogo tu. Wewe kilo 90. Tanga, mlingoti na mshikio wake, kilo 9 hivi. Ubao wenyewe kilo 8. Hapo tumefika 107, na ule wa kwenye picha una lita 95. Maana yake ukisimama juu yake upepo ukiwa umelala, utazama mpaka magotini ukiwa umeshika kamba ya tanga. Ubao wa aina hiyo ni wa mtu anayejua kuondoka kutoka majini: analala chali, analiacha tanga lijae upepo limnyanyue. Najua uliwahi kufanya hivyo. Utafanya tena, inshallah, lakini si wiki ya kwanza, na si siku ambayo upepo umekufa ukiwa karibu na mwamba.

Kwa anayerudi, mimi hutafuta ubao wenye lita 50 au zaidi juu ya uzito wake. Kwako wewe, kati ya 140 na 155.

Usishtuke ukisikia 150 ukadhani nakurudisha kwenye magogo ya hoteli. Hapa ndipo mambo yalipobadilika sana tangu ulipoacha. Miaka ya 90 lita nyingi zilipatikana kwa urefu. Ule Mistral uliotumika kwenye Olimpiki kuanzia Atlanta 1996 hadi Athens 2004 ulikuwa na urefu wa mita 3.72 na upana wa sentimita 63 tu. Kuanzia miaka ya 2000 watengenezaji wakaanza kufupisha na kupanua, na leo ubao wa lita 145 unaweza kuwa na urefu wa mita mbili na nusu au chini yake, na upana wa sentimita 75 hadi 80. Umelala majini kama mlango. Ukisogeza mguu vibaya, unakusubiri. Na upepo ukishika, unapaa juu ya maji mapema kuliko ule wa sentimita 58, kwa sababu upana wa nyuma ndio unaokubeba kabla kasi haijaja. Kwa hiyo huupotezi utamu wa kasi, unaufikia kwa upepo mdogo zaidi.

Sasa mkuku, lile bapa la chini ya ubao linaloushikilia usisukumwe pembeni. Ningekuwa na fedha zako ningetafuta ubao wenye mkuku wa kukunja katikati, unaoingizwa na kutolewa kwa mguu. Vijana watakuambia ni wa wanafunzi. Waache. Upepo wetu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mara nyingi huamka polepole: saa tano asubuhi una noti 8 au 10, alasiri ndipo unafika noti 15, yaani kama kilomita 28 kwa saa. Kwenye hizo noti 10, ubao mpana usio na mkuku haubishi, yaani haupandi kuelekea upepo unakotoka. Unakwenda na kurudi, na kila ukigeuka umesukumwa chini zaidi, mwisho unatembea ufukweni na ubao kichwani. Mkuku ukiwa chini unabisha vizuri, unarudi ulikotoka, na goti linapata kazi nyepesi. Upepo ukichangamka unaukunja tu.

Faida nyingine ni watoto. Binti yenu mkubwa ana miaka kumi na mbili, huu ndio umri. Ubao wa lita 95 hatajifunzia. Wa lita 150 wenye sakafu ya mpira laini, mpatie tanga la mita 3 za mraba, utamwona Jumamosi moja tu ameshika mwelekeo. Dada naye amekuwa akiuliza, ingawa kwako hasemi.

Ukipata ule wa mtindo wa zamani uliorudishwa sokoni, Windsurfer LT, usiudharau. Una zaidi ya lita 200 na tanga la mita 5.7, na kwa mtu anayetaka kutoka na upepo wowote uliopo ni ubao mtamu kweli. Ubaya wake ni urefu: kuubeba, kuuhifadhi na kuusafirisha ni shughuli.

Pezi nalo, lile la chini ya mkia wa ubao, litazame kabla ya rangi ya ubao. Ubao mpana na tanga kubwa huja na pezi refu, sentimita 45 na zaidi. Unalijua bwawa letu la ndani ya mwamba: siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, yakipwa unaona mawe na urumbu wa baharini wenye miiba. Pezi likigonga jiwe ukiwa kwenye kasi, wewe unaruka mbele, tanga linafuata, na kisanduku cha pezi kinapasuka. Nunua pezi la pili, fupi, pana shinani, lililolala kuelekea nyuma. Hilo litakufaa pia wakati wa kusi, mwani unapojaa majini na kujizungusha kwenye pezi lililosimama wima mpaka ubao unagoma kwenda.

Kuhusu ule mtindo mpya wa bawa chini ya maji linaloinua ubao hewani, ambao ulishindaniwa kwenye Olimpiki ya Paris 2024: mzuri sana kuutazama. Nguzo yake inashuka majini karibu mita moja. Kwa maji yetu ya ndani, na kwa goti lako, ngoja kwanza.

Ukienda kukagua ubao wa mkono wa pili, usiende jioni. Nenda jua likiwa kali, uuache juani kidogo upate joto, kisha pita na kidole gumba kuzunguka reli ya mlingoti na pale visigino vinaposimama. Pakibonyea hata kidogo, ngozi imeachana na povu la ndani. Halafu gonga kwa sarafu ukisogea taratibu: sauti kavu ya juu ni nzima, sauti butu ni maji. Tafuta skurubu ndogo ya hewa upande wa mbele wa ubao, ifungue, geuza ubao kichwa chini, subiri. Pakitoka matone yenye rangi ya chai, ondoka. Kisha uupime. Kwa wavuvi mizani ipo kila banda, waombe tu. Ubao ulioandikwa kilo 10 ukisoma 13, hizo tatu ni bahari iliyomo ndani, na haitoki yote. Mwisho, kikunje kile kiungo cha mpira kinachoshika mlingoti. Kikionyesha nyufa nyembamba, kibadilishe kabla hujaingia majini, maana kikikatika nje ya mwamba huna tanga tena.

Matanga yako ya zamani yaache yalipo. Plastiki yake imeshakuwa ngumu, na milingoti ya siku hizi ina mkunjo tofauti. Anza na tanga moja la mita 6.5 lisilo na vibanio vya ndani (vile vya plastiki vinavyokaza vijiti vya tanga kwenye mlingoti), na usome urefu wa mlingoti uliochapishwa chini kwenye tanga lenyewe kabla hujalipia mlingoti wowote.

Yule muuzaji mwambie asante, umepata ushauri wa nyumbani. Yuko mtu Diani anauza wa lita 148 wenye mkuku, nimeshaubonyeza kote na kuupima, uko sawa isipokuwa mkanda mmoja wa mguu uliochakaa. Nimemwomba autunze mpaka tarehe 10. Njoo siku ambayo maji yanajaa mchana, ulete viatu vya majini, na pesa usizitume mpaka uwe umeupanda.