Mada ya Jumamosi: oksijeni kwenye galaksi ya mbali

Habari zenu wadau, mada ya Jumamosi saa tatu usiku ni ile galaksi JADES-GS-z14-0, naomba kabla ya siku hiyo kila mtu aizumu picha niliyotuma hapo juu mpaka aone kale kadoa kekundu, maana hako kadoa ni nuru iliyotoka huko ulimwengu ukiwa na miaka kama milioni 300 tu, na leo una bilioni 13.8!

Darubini ya James Webb ndo iliigundua 2024, ila kilichoninyima usingizi mimi ni cha Machi 2025, timu mbili kila moja kivyake zilitumia antena za ALMA, darubini inayonasa mawimbi ya milimita, kule jangwa la Atacama, Chile, wakakuta oksijeni. Sasa oksijeni haikuwepo mwanzoni jamani, inapikwa ndani ya nyota, kwa hiyo kuna nyota kubwa zilishazaliwa, zikaishi, zikalipuka zikaimwaga, yote hayo mapema hivyo, na elementi nzito (yaani zilizo nzito kuliko hidrojeni na heliamu) ziko kama mara kumi ya walivyotegemea. Yaani mimi naona hapa nadharia za jinsi galaksi zinavyokua lazima ziguswe.

Na cheki hii, wimbi la nuru ya hiyo oksijeni lilitoka na urefu wa maikromita 88, limevutwa njiani na kutanuka kwa ulimwengu likafika kwetu milimita 1.3 hivi, ndo maana ALMA iliweza kulinasa.

Maswali tupieni hapahapa mapema, voisi noti fupi tafadhali.