Mnaniuliza mota, hamniulizi shafti

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki tatu zilizopita mlitoa picha yangu nimechuchumaa juu ya jabali hapa Mwanza, rimoti mkononi, na chini yake mkaandika kwamba mkazi wa Kirumba anachezea boti ya kitoto aliyoinunua Dubai, iitwayo Furaha. Mke wangu ameikata picha akaibandika juu ya kabati la vyombo, kwa hiyo sina ugomvi na mpiga picha. Nina masahihisho mawili tu, halafu nina neno na watu wanaojaa kwenye karakana yangu tangu siku ile.

Boti haikununuliwa Dubai. Vilivyotoka Dubai ni mota, kidhibiti mwendo, betri mbili na vikorokoro vingine vidogo, alivyonibebea mpwa wangu anayefanya kazi huko. Bodi nimeijenga mwenyewe kwa plaiwudi nyembamba na faiba, usiku baada ya kazi, juu ya meza ileile ninayosukia mota za mashine za kusaga. Na haiitwi Furaha. Inaitwa Furu. Furu ni wale samaki wadogo wa ziwa letu ambao sangara nusura awamalize. Nimeipa boti jina hilo kwa sababu ni ndogo na inakimbia kama kitu kinachofukuzwa.

Sasa hao wageni. Wamefika vijana wa chuo, dereva wa bodaboda, mwalimu mmoja mstaafu, hata mwenye duka la spea. Wakishasema "Shikamoo fundi" hata kiti hawakitaki, swali ni lilelile: umeweka mota gani? Nikiwatajia wanaandika kwenye simu, wanaaga, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya shafti, ile inayopeleka mzunguko wa mota kwenye propela. Nimechoka kumkimbilia mtu mpaka mlangoni kumwambia arudi, bado hajasikia lenyewe.

Mota haina siri. Ina kipenyo cha milimita 36, haina brashi, ina waya tatu, na kwa msukaji kama mimi ni mdogo wake mota ya fezi tatu inayosaga mahindi. Ile ya mashine ya kusaga huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Hii hupimwa kwa mizunguko inayotoa kwa kila volti moja, na yangu ni 2,000. Betri ina seli nne za volti 3.7, jumla 14.8. Zidisha, unapata mizunguko 29,600 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Propela ina kipenyo cha milimita 40, na mapanga yake yamepinda kiasi kwamba kwa kila mzunguko ingesonga mbele milimita 56, kama skrubu inavyoingia kwenye ubao. Zidisha tena, utakuta karibu kilomita 99 kwa saa. Kijana mmoja wa chuo alipiga hesabu hiyo mbele yangu, macho yakamtoka. Nikamwambia hiyo ni spidi ya daftari.

Siku ya kwanza ziwani, kifaa cha GPS nilichokifunga ndani ya boti kilisoma 43. Leo, kwa mota ileile, betri zilezile na propela ileile, kinasoma 61. Hizo kilomita 18 sikuzinunua popote.

Shafti ya boti hizi si chuma kilichonyooka. Mota imelala ndani, propela iko nyuma huko chini, kwa hiyo kinachoziunganisha ni waya mnene wa chuma uliosokotwa tabaka juu ya tabaka, unaopita ndani ya bomba la shaba lenye utando wa teflon. Aliyewahi kufungua waya wa spidimita wa pikipiki ameshaona binamu yake. Tena mimi nilianza na huohuo wa pikipiki, ubahili wangu. Ulijisokota kama tambi kabla boti haijafika mita kumi.

Nilipopata waya wenyewe wa milimita 4 nikafanya kosa la pili. Bomba nililipinda kwa goti. Likawa na kona mbili, na mdomo wake ukatokea chini ya mota kwa milimita mbili hivi. Nikasema si kitu, waya unapinda, utavumilia. Waya unapinda kweli, lakini kila kona inakutana na mzunguko zaidi ya mara elfu ishirini kwa dakika moja, na kila mara inadai chake. Nguvu iliyokuwa iende kwenye propela ilibaki ndani ya bomba ikageuka joto. Nilipofungua kifuniko, harufu ya grisi iliyoungua ilinipiga usoni, na bomba halishikiki.

Nikalibandua lote. Bomba jipya nililipasha moto likawa jekundu kwa mbali, nikaliacha lipoe ili shaba ilegee, nikalijaza mchanga mkavu nikaziba ncha zote mbili, kisha nikalipinda polepole kuzunguka rimu ya pikipiki. Likatoka na mkunjo mmoja mpole, kama upinde. Kisha nikachukua fimbo ya kuchomelea ya milimita 4, nikabandua unga wake wote, nikaibana kwenye kapulingi, yaani kiungio, cha mota badala ya waya. Nikaisogeza mota juu, chini, kushoto, kulia, mpaka fimbo ile ikawa inaingia kwenye mdomo wa bomba bila kugusa ukingo wowote. Hapo ndipo nikamimina gundi ya epoksi. Kazi hii ilinichukua siku nne, na ndiyo kazi yote. Mengine ni kufunga skrubu.

Jaribu kwa vidole viwili. Zungusha shafti: isiwe na mahali inapokuwa nzito na mahali inapokuwa nyepesi. Kabla ya matengenezo, bila propela, kwa sekunde chache tu mezani, klampu mita yangu ya kupimia umeme ilisoma ampea 11. Baada yake ilisoma 6.

Kuna jambo jingine ambalo limewaunguza wengi. Pale nyuma, kati ya kishikio cha propela na bomba inamopita shafti, acha nafasi ya milimita 4. Vijana wanaiona wanadhani fundi amepima vibaya, wanaisukuma ikagusana. Chukua kamba ya katani uisokote, utaona inafupika. Waya nao ni hivyo hivyo, ukibeba mzigo unafupika na kuvuta propela mbele. Bila nafasi unabana, na kinachobanwa kwenye spidi ile hakidumu. Na hakikisha mzunguko wa mota unazikaza nyuzi za nje za waya, usizifungue. Ikizunguka kinyume, badilishana waya zozote mbili kati ya tatu za mota. Hili kila fundi wa fezi tatu analijua, sijui kwa nini likifika kwenye boti watu wanaogopa.

Propela nayo hununuliwa ikiwa butu. Hizi za mbio nyingi ni za shaba iliyochanganywa na berili, na vumbi lake ni sumu ya mapafu, kwa hiyo noa kwa msasa ndani ya beseni la maji, usipulize. Ikishanolewa, ipitishe kwenye sindano na uone panga lipi linaangukia chini, upunguze hapo. Boti ikiwa kwenye mwendo, nusu ya propela iko majini na nusu iko hewani. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Uzito ulinitesa wiki mbili. Furu ina urefu wa sentimita 70, na kitovu cha uzito nakiweka kwenye asilimia 30 kutoka nyuma, yaani sentimita 21. Nilipoweka betri nyuma zaidi, boti ilitikisa kichwa kama wale mijusi wenye vichwa vyekundu wa majabali yetu, juu chini, juu chini, halafu ikapinduka chali. Nilipoweka mbele sana ikalima maji. Tena propela yangu huzunguka kwenda kushoto, na boti hulipa kwa kulalia kulia, basi betri nimezisogeza kushoto milimita sita. Mwalimu mstaafu aliponiuliza fomula ya hizo sita nikamwambia ni sita kwa sababu kwa tano ililala na kwa saba ikalala upande wa pili.

Maji ya kupooza huingia kwa tundu dogo kwenye usukani, yanapita kwenye kidhibiti mwendo, yanazunguka mota, yanatokea ubavuni. Wavuvi wa Mwaloni, soko letu la samaki, hawahitaji maelezo hapa, maana wanajua injini isipokojoa unaizima. Nami kila nikikata kona naangalia ule mchirizi kabla ya kuangalia kitu kingine.

Betri. Hapa sitanii. Kila moja ina ampea-saa 5, sawa na wati-saa 74, ndiyo maana mpwa wangu aliweza kupanda nazo kwenye ndege ndani ya mkoba wa mkononi, maana bila kibali cha shirika mwisho ni wati-saa 100. Furu ikikimbia hula kama ampea 80. Hiyo ni wati 1,184, zaidi ya nguvu za farasi moja na nusu ndani ya kitu ninachokibeba kwapani. Dakika tatu natoa boti majini, maana seli ikishuka chini ya volti 3 inaharibika. Seli iliyojaa ni 4.2, ya kuhifadhi ni 3.8. Sichaji usiku nimelala, na nazihifadhi ndani ya chungu cha marehemu mama, chini mchanga, juu mchanga. Mke wangu alilalamika kuhusu kile chungu mpaka nilipomwonyesha video ya betri ya namna hii ikiwaka.

Na mwenye kuogelea akionekana, Furu hairudi majini. Ina kilo mbili na robo na propela iliyonolewa. Kidole changu cha kati cha kushoto kina mshono kwa sababu nilichomeka betri kabla ya kuwasha rimoti, mezani, propela ikiwa imefungwa. Rimoti kwanza, betri mwisho, na mezani propela ikae kwenye droo.

Mnaoshangaa mbona namtuma mvuvi na mtumbwi boti ikipinduka, badala ya kuvua suruali nikaingia: ziwa letu lina kichocho. Siku mvuvi hayupo natumia mshipi wenye mpira wa tenisi, naurusha ng'ambo ya boti na kuivuta taratibu. Ndani nimejaza mapande ya povu ili isizame. Adui mkubwa kuliko kichocho ni gugumaji. Uzi mmoja wa mzizi wake ukijizungusha kwenye shafti, ampea zinapanda na mkono wako kwenye rimoti hauhisi lolote.

Mwezi uliopita askari mmoja alinisimamisha akitaka kibali cha droni. Nikamwambia hii hairuki, na ikiruka ujue nimekosea uzito. Hakucheka. Akaniambia mambo haya ya rimoti ni ya juzi juzi, sheria bado inayafuata. Hapo nilishindwa kunyamaza. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliweka boti ndani ya tangi la maji mjini New York, ukumbi wa Madison Square Garden, akaiendesha kwa redio mbele ya watu. Boti ya umeme, yenye betri, kabla babu yangu hajazaliwa. Na ni Tesla huyohuyo aliyepewa hataza, yaani hati za uvumbuzi, za mota ya mkondo geu mwaka 1888, mota ambazo zimenilisha mimi na kusomesha watoto wangu wanne. Askari aliniangalia, akaomba kushika rimoti. Nilimpa, kwa mwendo wa robo.

Sina mota ya ziada ya kuuza, tafadhali msije kwa hilo. Jumapili, saa moja asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka, niko kwenye jabali lilelile. Aje mwenye bomba lake la shaba tuangalie mkunjo, na aje na kitambaa na grisi yake, maana shafti huchomolewa, hufutwa na kupakwa upya kila baada ya kukimbia, na grisi yangu ni ya mashine za watu. Mpiga picha wenu naye akija asimame upande wa kulia wa boti. Jina liko upande huo, herufi nne.

Fundi wa kusuka mota,
Kirumba, Mwanza